Kilomita Zilizopotelea Uani

Siku gari lilipoingia uani, mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akalizunguka mara moja, akatoa hukumu.

"Gari lisilonguruma ni sawa na mbwa asiyebweka," alisema. "Utajuaje kama liko hai?"

Mwanawe, fundi saa, ndiye aliyelichagua gari lile la umeme na kulisifia mpaka mate yakamkauka. Hakukata tamaa. Akamfungulia mama yake mlango wa abiria, akaanza kumwonyesha vitufe kimoja kimoja: hiki cha kuliwasha, hiki cha redio, hiki cha kiyoyozi, na hiki, mama, tazama, hiki kinapasha kiti joto. Mama akageuza uso kando, ingawa jicho moja lilibaki pale pale kwenye vitufe.

"Mimi nikae humo? Labda mnipakie nikiwa maiti." Akarudi kwenye chungu chake.

Mke wa fundi saa alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye wagonjwa wake humwita Bi Nyoosha, kwa kuwa kutwa nzima neno lake ni hilo hilo: nyoosha, nyoosha kidogo tena, usiogope, nyoosha. Kazi yake ni kuwarudishia watu viungo vyao: goti lililogoma, bega lililoganda, mguu uliolegezwa na kiharusi. Kabla ya kumgusa mtu huchovya mikono kwenye maji ya moto, maana mkono wa baridi, asema, humfanya mgonjwa ajikunyate kabla hata tiba haijaanza. Ukutani mwa chumba chake cha kazi amebandika maneno ya wahenga kwa herufi kubwa: Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyasoma kwa sauti kila akipata mgonjwa mbishi.

Gari alilitaka kwa sababu moja tu. Ng'ambo ya vilima ilikuwa inafunguliwa wodi mpya ya watu waliopata kiharusi, na mganga mkuu wa hospitali ile alikuwa amemtaka yeye aiongoze. Kazi hiyo alikuwa akiiota tangu chuoni. Tatizo ni njia. Hospitali ilikuwa kilomita sabini kutoka nyumbani, sabini nyingine kurudi, na hakukuwa na usafiri wa kumfikisha huko asubuhi kwa wakati. Wala huko hakukuwa na mahali pa kuchaji gari. Lakini siku ile ya kwanza, chaji ikiwa imejaa, namba kwenye kioo kidogo cha gari, karibu na usukani, ilisema linaweza kwenda kilomita mia mbili na ishirini. Fundi saa akapiga hesabu hewani kwa kidole: ya kwenda, ya kurudi, na ya akiba endapo mtu atapotea njia.

"Unaona?" alisema. "Utafika, utarudi, na bado utapita dukani."

Bi Nyoosha akampigia mganga mkuu simu. Akamwambia anaelekea kukubali, ampe muda kidogo alizoee gari, Ijumaa ya mwisho wa mwezi atampa jibu kamili.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda hakikuchelewa kujitokeza. Wiki ya pili, asubuhi, chaji imejaa pomoni, namba ikasoma mia mbili kasoro kidogo. Siku chache baadaye, mia moja na themanini. Kisha mia moja na sabini. Kila usiku gari lilichomekwa kwenye umeme, kila asubuhi alama ya betri ilionyesha imejaa, na kila asubuhi kilomita zilikuwa zimepungua, kama mtu anayekuja usiku kuchota.

Fundi saa alikosa raha. Mtu ukishasifia kitu namna ile, kikiharibika unaharibika nacho. Kwanza alisema ni kawaida, hata saa mpya hukimbia kabla ya kutulia. Halafu akapima upepo wa magurudumu. Halafu akatoa kila kitu kwenye buti, pamoja na mwavuli wa mkewe, akidai uzito ni uzito. Namba ikashuka hadi mia moja na hamsini, na siku iliyofuata mvua ikamnyeshea Bi Nyoosha bila mwavuli.

"Asiyesikia la mkuu," alisema mama mkwe mezani, bila kumalizia, maana methali ile kila mtu anaijua inakoishia.

"Mama, tafadhali," alisema fundi saa.

"Mimi nimesema nini? Nakula zangu."

Bi Nyoosha hakucheka siku hiyo. Mia moja na hamsini ukiondoa mia moja na arobaini inabaki kumi, na katikati kuna vilima. Nani aende akamwinue mgonjwa kitandani huku moyoni anahesabu kama atafika kwake jioni? Tena kama zimepungua hivi kwa mwezi mmoja, mwakani gari litafika wapi, getini? Alikuwa na huzuni, na huzuni yake aliimezea chumbani ili mumewe asizidi kujilaumu. Jumatano akaanza kupanga kichwani maneno ya kumkatalia mganga mkuu kwa adabu. Usiku huo mumewe akamwambia, "Kabla hujakataa, twende gereji kwanza. Mgonjwa hazikwi kabla hajapimwa."

Alhamisi asubuhi Bi Nyoosha aliomba ruhusa kazini, wakaenda pale walipolinunua gari. Fundi wa pale alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, mpole, aliyelichomeka gari kwenye mashine zake na kulipima kwa muda mrefu huku wao wawili wamekaa kwenye benchi kama watu wanaosubiri nje ya chumba cha upasuaji. Mwishowe aliwaita.

"Betri ni nzima," alisema. "Haina hata mkwaruzo."

"Nzima vipi na kilomita zinaisha?" aliuliza fundi saa.

"Ile namba sio kipimo cha betri, ndugu yangu. Ni makisio. Gari linatazama umeme lilioutumia siku za karibuni, linatazama na kilomita lilizokwenda, halafu linasema: mkiendelea hivi hivi, mtafikia hapa. Sasa ninyi umeme mnatumia mwingi, kilomita mnakwenda chache. Ndiyo maana hata chaji ikijaa linawakisia padogo. Linawajua tabia."

"Tabia gani?" Bi Nyoosha alishtuka. "Mimi naendesha kama nimebeba mayai."

"Mwendo wako hauna kasoro. Umeme unatumika gari likiwa limesimama." Fundi akagusa kioo cha gari, ukatokea mchoro wa rangi mbili tatu. "Tazama wenyewe. Magurudumu ni haya hapa, kidogo. Huu mgao mkubwa wote ni kiyoyozi, tena kimefunguliwa mpaka mwisho wa baridi. Na hiki hapa..." Akakohoa. "Hiki ni kiti cha abiria. Kimepashwa joto. Karibu kila siku mchana."

"Kwa wakati mmoja?" aliuliza Bi Nyoosha.

"Kwa wakati mmoja. Kiti chenyewe hakili sana. Mlafi ni kiyoyozi."

Fundi wa gereji akamtazama fundi saa, fundi saa akamtazama mkewe, mkewe akakitazama kiti cha abiria.

"Mimi kazi yangu ni magari," alisema fundi wa gereji akikusanya nyaya zake haraka haraka. "Mambo ya ndani ya nyumba siyasemi."

"Haki ya Mungu mimi mchana niko kwenye kibanda changu!" alipayuka fundi saa, jasho likimtoka. "Muulize yeyote! Jicho moja liko kwenye lenzi kutwa!"

Masikini ya Mungu, hakuna aliyemtuhumu. Mkewe hata hakumsikia. Alikuwa amesimama wima, mkono mmoja kidevuni, kama anavyosimama mbele ya mgonjwa anayelalamikia goti. Miaka yote ya kazi imemfundisha jambo moja: mahali panapouma sipo palipoharibika. Goti huuma, kumbe chanzo ni nyonga. Mkono hufa ganzi, kumbe chanzo ni shingo. Na hapa betri imelia, kumbe nzima. Katika joto hili linalowafanya mbwa walale wakihema, nani anayetaka kiti cha moto? Kijana hataki. Mwizi hana muda. Hawara ndiyo kabisa, hawezi kukaa kwenye kiti cha moto na nguo zake nzuri. Anayetaka kiti cha moto mchana wa jua kali ni mtu mmoja tu, na wa aina yake amewaona mamia kwa mamia: mtu anayeumwa mgongo.

Gari kwa kawaida lilikuwa likilala uani mchana. Bi Nyoosha alilitumia asubuhi kwenda kliniki, akilirudisha adhuhuri, kisha alitoka tena kwa miguu kuwazungukia wagonjwa wa mtaani wasioweza kutoka nyumbani. Ufunguo wa akiba ulining'inia jikoni, kwenye msumari, juu ya mitungi ya unga. Na jikoni kuna mwenyewe.

"Nirudishe nyumbani," alimwambia mumewe. "Halafu wewe nenda kibandani kwako. Na usiulize."

Fundi saa ni mtu anayejua lini gurudumu dogo linatakiwa kuachwa lizunguke lenyewe. Hakuuliza.

Mchana ule Bi Nyoosha aliaga kama kawaida, akabeba mkoba wake, akatoka kwa lango la mbele. Alimzungukia mgonjwa mmoja wa jirani, akamnyoosha bega, akarudi kupitia mlango wa nyuma. Siri ya mtungi aijuaye kata, naye alikuwa anakwenda kuichungulia.

Gari lilikuwa chini ya paa la mabati, vioo vimefungwa, kimya kabisa. Ndani yake, kwenye kiti cha abiria kilicholazwa nyuma, alikuwa mama mkwe. Amejitanda shuka mpaka kidevuni kwa ile baridi, amefumba macho, redio inamwimbia taratibu. Sura yake ilikuwa na utulivu ambao Bi Nyoosha hakuwa ameuona kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza akatambua kwamba ameukosa usoni pale kwa muda mrefu. Hiyo ilimchoma.

Hakugonga kioo. Alisimama nyuma ya pipa la maji, akangoja.

Mama mkwe akazima redio. Akafungua mlango. Kisha akaanza kutoka, na kile kitendo cha kutoka ndicho kilichomaliza ubishi wote. Alitoa mguu mmoja, akapumzika. Akashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, akazuia pumzi, akajivuta juu kwa vipande vipande, akasimama ameinama, akangoja mgongo umruhusu kunyooka. Bi Nyoosha amewaona watu wakiinuka namna hiyo kila siku ya kazi yake. Kumbe chini ya paa lake mwenyewe ameishi na mmoja, akala naye, akacheka naye, na hakuona. Mganga hajigangi, na jikoni kwake hapaoni.

"Mama," aliita kwa upole.

Mwanamke mzima akaruka kama msichana aliyekamatwa akitafuna jojo darasani, kisha mgongo ukamkumbusha umri wake. "Uuuwi! Wewe si umekwenda kwa wagonjwa?"

"Nimeshafika kwa mgonjwa, Mama."

Mama mkwe akatazama gari, akatazama ufunguo mkononi mwake, akaona hakuna pa kukimbilia. Akachagua kushambulia. "Nilikuwa nalinda. Siku hizi wezi wengi."

"Unalinda umelala?"

"Nilikuwa nafikiri."

Bi Nyoosha akakosa nguvu za kukasirika. Akacheka, na mama mkwe naye, baada ya kujikaza kidogo, akacheka, akashika kiuno kwa maumivu ya kucheka. Wakakaa wote wawili kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, na hapo yakatoka. Mgongo ulikuwa umeanza kabla gari halijaja. Usiku hapati ubavu wa kulalia. Siku moja, nyumba iko tupu, alikwenda kukionja kile kiti kwa dharau tu, apate cha kusema. Kikamshika mgongo kama mkate wa moto. Lakini joto likimpanda kichwani anafungua baridi. Mgongo moto, kichwa baridi, redio inasoma matangazo ya vifo ya watu asiowajua: starehe gani tena mtu aitake?

"Sasa kwa nini hukuniambia mimi? Kazi yangu si ndiyo hiyo hiyo?"

Mama mkwe akachora chini kwa kidole. "Nilikupokea ukiwa bibi harusi. Nikakuonyesha jiko. Leo nije nilale kifudifudi mbele yako unibonyeze kama unga?"

"Hiyo sio sababu, Mama."

"Ni sababu."

"Sio yote."

Jirani mmoja alikuwa anatwanga, kinu kikiitikia. "Ungejua naumwa, usingekwenda," alisema mama mkwe hatimaye. "Nakujua. Ungesema, nitamwachaje mama na mgongo ule, nani atampikia, nani atamshika mkono. Ungeikataa ile wodi. Na mimi nimekuona ukizungumza kwenye simu na yule mganga mkuu. Ulikuwa umesimama pale pale, unachezea pazia, unang'aa uso mzima. Nikasema, mgongo wangu hautamzimia huyu mtoto taa yake."

Bi Nyoosha alimsogelea pale kizingitini. Kisha akamweleza, polepole, bila kumlaumu: namba ile iliyowakosesha usingizi, gari linavyokisia, kiyoyozi kinavyokula, na kwamba kesho ni Ijumaa na yeye tayari alikuwa na maneno ya kukataa mdomoni.

Mama mkwe alimsikiliza mdomo wazi. "Lakini lilikuwa limezimwa!"

"Lilikuwa limewaka, Mama."

"Limewaka wapi? Baba yenu aliendesha lori miaka yote ile, lori likiwaka mtaa mzima unajua. Hili halikunguruma! Halikusogea hata hatua! Linakulaje na limesimama?" Akalitazama lile gari kama anayemtazama mtu aliyemwekea siri, kumbe mwenzake alikuwa anaandika kila kitu. Kisha maana yake ikamwingia, na uso ukamsawijika. "Kwa hiyo niliyekuwa namfichia ugonjwa ili aende, ndiye niliyekuwa namlia njia."

"Betri ni nzima," alisema Bi Nyoosha, akimshika mkono. "Fundi amesema. Haijapotea hata kilomita moja. Namba inasimulia ya jana tu."

"Fundi amesema. Na mwanangu fundi alisema saa ya ukutani imepona." Mama mkwe akainuka, vipande vipande, safari hii bila kujificha. "Kesho twende huko vilimani tukaone. Nami nitakuwemo."

"Ulisema labda tukupakie ukiwa maiti."

"Nilisema mengi."

Ijumaa wakaondoka mapema, wawili tu, fundi saa akiwapungia mkono getini kama anayeaga meli. Namba ilisoma mia moja na hamsini. Vioo wakavishusha, kiyoyozi wakakizima, upepo wa asubuhi ukawatosha. Kiti cha abiria kikapashwa joto kwa idhini ya dereva.

Kwenye barabara ya tambarare lilitokea jambo lililomfanya Bi Nyoosha atazame kioo mara mbili. Walikuwa wanakwenda, miti inapita, lakini namba haikushuka. Ilikaa pale pale, kisha ikapanda kwa kilomita mbili, kama gari limeanza kuwafikiria upya. Lakini walipoanza kuvipanda vilima ikaporomoka. Ilishuka kwa kumi kumi, kilima baada ya kilima, na moyo wa Bi Nyoosha ukashuka nayo. Kwenye kona moja akapunguza mwendo, akatafuta mahali pa kugeuzia.

"Unafanya nini?" aliuliza mama mkwe.

"Mama, tazama namba."

"Wewe mgonjwa wako akipanda ngazi akihema, unamwambia arudi kitandani?"

Bi Nyoosha akaunyoosha usukani. Akaendelea kupanda. Kileleni gari likainamisha pua, likaanza kuteremka, na kwa kila mteremko namba ikarudi juu taratibu, maana gari la namna ile likiteremka hujirudishia umeme kwa magurudumu yake. Mama mkwe aliikodolea macho, akaanza kuzihesabu kwa sauti kama mtoto, akipiga kofi kila ikipanda. Walipofika bondeni dereva alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja, na wala hakuona haya.

Wodi ilikuwa bado inanukia rangi. Vitanda vilikuwa vimepangwa, vyuma vya kujifunzia kutembea vimeshafungwa ukutani, dirisha kubwa linatazama vilima. Mganga mkuu, mwanamke mrefu mwenye haraka, aliwapokea mlangoni, akamsalimia mama mkwe shikamoo kwa heshima zote, kisha akamgeukia Bi Nyoosha.

"Basi, dada. Leo ndiyo Ijumaa. Unaniambiaje?"

"Marahaba, mwanangu," alidakia mama mkwe, ambaye alikuwa bado anaitikia salamu. "Atakuja. Ila atakuwa anawahi kurudi jioni, ana mgonjwa nyumbani."

Bi Nyoosha akasema ndiyo, lakini lilikuwa limeshasemwa.

Walirejea nyumbani jua likiwa bado juu. Fundi saa alikimbilia kioo cha gari kabla ya kuwasalimia, akakuta akiba ya kilomita zaidi ya sabini, akaketi palepale kwenye kiti cha dereva akaanza kulisifia gari upya, tangu mwanzo. Akapewa na kazi ya kumwekea mama yake kiti cha joto ndani ya nyumba, chenye waya wake, kisichokwenda popote.

Mama mkwe hakukingoja. Alitandika mkeka sebuleni, akafunga mlango, akalala kifudifudi, uso kaugeuzia ukutani.

"Haya, Bi Nyoosha," alisema. Siku zote humwita mwanangu. Jina lile la wagonjwa hakuwahi kulitamka. "Anzia chini, hapo kiunoni. Na usinionee huruma."

Bi Nyoosha akaleta beseni la maji ya moto, akachovya mikono, akaifuta, akapiga magoti. Alipoweka viganja vyake juu ya mgongo ule, aliusikia ukikakamaa, ukingoja, kisha ukaanza kulegea kidogo kidogo.

"Nyoosha, Mama. Usiogope."

Mama mkwe alipumua taratibu, maji ya beseni yakapoa, mpaka ikadhaniwa amelala.

"Ningejua ni hivi," alisema akiuambia ukuta, "nisingehangaika na lile gari."